Kikasha cha Mgeni

Anayetaka kujua kama ukuta wa mawe unaweza kuhifadhi kitu, aukague mvua ikinyesha. Siku ya jua kila tundu huonekana kavu na kila njia hupitika. Lakini vuli ikishika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, mnamo Novemba, maji yenyewe huonyesha yanakopita, udongo mwekundu huonyesha unakoteleza, na mawe huonyesha ufa upi unavuja. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, mkazi wa mashamba ya kahawa yaliyo kati ya Nkubu na mji wa Meru, hungoja mvua ndipo avae gambuti na kutoka kwenda kutafuta mahali pa kuficha kikasha. Nimetembea naye na kumtazama akifanya kazi. Wanaoifanya kazi hiyo huiita mchezo. Kwa namna anavyoifanya yeye, ni ufundi kamili.

Mchezo wenyewe ni jiokashingi. Mtu huficha kisanduku, akapima latitudo na longitudo ya mahali hapo kwa kifaa cha GPS, akazitangaza namba hizo kwenye intaneti. Mwingine, ambaye huenda wasionane maisha yao yote, huzifuata kwa miguu mpaka akipate, akaandika jina lake katika kijitabu kilichomo, kisha akakirudisha palepale. Ulianza mwaka 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa makumi ya mita vikaanza kukosea kwa mita chache tu. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaacha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Hata kabla ya setilaiti, watu walikuwa na hamu hiyohiyo: katika nyika ya Dartmoor, Uingereza, mwongozaji wa wageni James Perrott aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool mwaka 1854, ili waliofika huko waache kadi zao. Habari nyingi za mchezo huu husimuliwa upande wa mtafutaji. Mimi nimevutiwa na mfichaji.

Kazi huanzia mezani, siku nyingi kabla ya matembezi. Mwalimu huchagua chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, chenye vibanio pande zote nne na mpira mwembamba unaouzunguka mfuniko. Huko Ulaya na Marekani wengi hupenda masanduku ya chuma yaliyokuwa ya risasi, kwa kuwa hayaingii maji. Yeye hayagusi. Katika nchi iliyopitia mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, sanduku la kijeshi kichakani litamtia hofu yeyote atakayeliona, na hofu hiyo ina haki yake. Chombo chake lazima kionyeshe kilichomo.

Kwanza hukijaribu. Huweka ndani kipande cha karatasi ya shashi, akafunga vibanio vyote, akakizamisha kwenye karai la maji na kukigandamiza kwa jiwe hadi asubuhi. Kulipokucha, nilimwona akikitoa, akikifuta nje kwa kitambaa, kisha akikiweka mezani bila kukifungua. Akaenda kukausha mikono yake, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu tone moja la kidoleni lingeharibu ushahidi. Ndipo akafungua. Shashi ikikutwa imelowa hata kwenye kona, chombo hurudi jikoni kuwekewa maharagwe, naye huanza upya na kingine.

Kilichofaulu hupakwa rangi. Plastiki laini haishiki rangi, kwa hiyo huisugua kwa msasa mpaka iwe na mikwaruzo midogo kila mahali. Hatumii brashi, maana brashi huacha mistari, na jiwe halina mistari ya aina hiyo. Hukata kipande cha sifongo cha godoro kuukuu, akakichovya katika rangi isiyong'aa, akagonga-gonga: kijivu kwanza, kahawia juu yake ikiwa bado haijakauka vizuri, halafu madoa machache ya kijani iliyofifia. Upande mmoja huacha dirisha lisilopakwa, ukubwa wa kiberiti, na kando yake huandika kwa herufi kubwa kwamba hiki ni kikasha cha mchezo, hakina hatari, na mwenye shamba anajua kipo.

Kijitabu ndicho kilichonishangaza zaidi. Nilitarajia daftari la dukani. Kumbe hukata karatasi za daftari kwa kiasi cha kiganja, akazikunja katikati na kuzishona mgongoni kwa sindano na uzi wa pamba alioupitisha kwenye nta ya nyuki kutoka Tharaka. Pini za stepla hushika kutu katika unyevu na kuchafua karatasi. Uzi wenye nta haunywi maji. Jalada hulitoa kwenye pakiti ya maziwa, ile yenye utando wa fedha ndani, aliyoiosha na kuikausha. Kijitabu huingia katika mfuko wa plastiki unaofungwa kwa kubana, pamoja na zile punje za kufyonza unyevu zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu. Kalamu ya wino haimo. Kuna penseli fupi iliyochongwa ncha mbili, kwa sababu kalamu hugoma kwenye karatasi yenye unyevunyevu, lakini penseli huandika, na maandishi yake maji hayayatawanyi.

Mwisho huweka vitu vidogo vya kubadilishana: kifungo cha pembe, gololi, shanga chache zilizotungwa. Anayechukua kimoja huacha kingine chenye thamani kama hiyo au zaidi. Chakula hakiwekwi, hata peremende, maana siafu na panya hunusa kupitia plastiki, na tumbili hufungua vibanio.

Tulitoka asubuhi manyunyu yakiwa yameshageuka mvua kamili. Mwalimu alibeba mwavuli, fimbo na kifaa chake cha GPS chenye vitufe. Simu anayo, lakini skrini yake ya kioo huchukua kila tone la mvua kuwa kidole. Katika mashamba, wachumaji wa kahawa walikuwa wamejifunika magunia ya nailoni na kuendelea na kazi, maana beri zilizoiva hazingoji. Alimsalimu kila mtu kwa jina, akauliza habari za watoto, akapita. Hatukuwa na haraka yoyote.

Nchi hii ina tabia ambayo mgeni mwenye GPS huchelewa kuitambua. Kuanzia Embu hadi Meru, mito hushuka kutoka mlimani kuelekea Tana ikiwa imeikata ardhi kuwa migongo mirefu na mabonde yenye kina. Barabara kuu huivuka mmoja baada ya mwingine: Thuci, Nithi na mingine mingi. Kifaa huonyesha mstari ulionyooka. Kitakuambia kwamba umebakiza mita 300, nawe utaangalia mbele uone bonde, mto uliofura, na ng'ambo yake ule mteremko unaoutaka, na daraja liko mbali nyuma yako. Mfichaji asiyejali huacha mgeni ajikute hapo. Mwalimu huanza kwa kutafuta njia kabla ya kutafuta shimo. Husimama barabarani, mahali gari linapoweza kuegeshwa bila kuzuia lori la majani chai, akaandika namba za hapo pia, ili atakayekuja aanzie upande sahihi wa maji.

Nilihesabu mahali pazuri, kwa macho yangu, tulipopapita. Chini ya mugumo mkubwa hakusimama kabisa. Mti huo ni wa heshima kwa wazee, na kuufanya maficho ya gololi ni utovu wa adabu. Karavati ya barabarani aliikataa mara mbili, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya usalama, kwani mtu anayeinama chini ya barabara huzua maswali. Kisiki cha mti wa mukima kilikuwa na pango zuri, ila kisiki ni kuni, na kuni zitachukuliwa. Kichaka cha migomba kitakatwa mkungu ukikomaa. Kila alipokataa alieleza kwa sentensi moja, akaendelea kutembea.

Ukuta alioukubali unashikilia tuta pembezoni mwa shamba la kahawa, umepangwa kwa mawe meusi ya volkano bila saruji. Kuukubali huko kulikuwa na maana moja tu: kwamba sasa tungeweza kwenda kumwona mwenye shamba. Mzee alitukaribisha barazani, chai ikaletwa, mvua ikazungumziwa, bei ya kahawa ikazungumziwa. Vikombe vilipofika nusu ndipo Mwalimu akasema alichojia.

"Sasa hao watu, Mwalimu, watakuwa wanatafuta nini kwangu?"

"Kikopo kidogo, Mzee. Hakina pesa wala dawa. Watapita njia ya mtoni, hawatakanyaga kahawa."

"Na nikiwakuta?"

"Wataanza kwa kukusalimu. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Mzee alifikiri kidogo, akasema basi, mradi wasiuvunje ukuta, maana ulijengwa na baba yake. Mwalimu alirudi ukutani akiwa na sharti hilo, na sharti hilo ndilo lililotawala kila alichofanya baadaye.

Kwanza alitazama tu. Alisimama mbele ya ukuta na mwavuli wake, akafuata kwa macho jinsi maji yalivyoshuka. Sehemu ya kati ilikuwa ikitoa maji kama bomba, kwa kuwa tuta zima hupumulia hapo. Pembeni, kwenye kimo cha goti la mtu, palikuwa na tundu alilopenda. Kabla ya mkono, aliingiza fimbo, akagonga kuta za tundu, akangoja, akagonga tena. Kifutu hupenda mawe yenye joto, na nyuki hupenda mapango. Baada ya fimbo aliingiza kidole, akapapasa sakafu, akakitoa na kukiangalia. Kilikuwa na vumbi. Mvua imenyesha siku nzima, ufa una vumbi: ndicho alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi.

Ndipo kifaa kikatolewa. Kila setilaiti ya GPS iko kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kifaa kinahitaji kuzisikia angalau nne ili kijue kilipo na saa ngapi. Mvua yenyewe haiyazuii mawimbi hayo kwa kiasi cha kusumbua. Majani yaliyolowa ndiyo hudhoofisha, na juu ya ukuta kulikuwa na miti ya mukima iliyojaa maji. Kwa hiyo hakuandika namba za kwanza zilizotokea. Alikiweka kifaa juu ya jiwe, akarudi nyuma, akakiacha kitulie. Akaandika. Akaenda hatua thelathini kuelekea mtoni, akarudi, akaandika. Akaenda upande wa barabara, akarudi, akaandika. Kisha akasema atakuja tena siku nyingine, saa nyingine, kwa sababu setilaiti huizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, na mpangilio wake angani asubuhi si ule wa jioni. Namba ikitofautiana sana na wenzake huifuta. Zilizobaki hutafuta wastani wake. Yote hayo ni kwa ajili ya tarakimu ya mwisho, elfu moja ya dakika ya latitudo, ambayo hapa kwetu ni pungufu kidogo ya mita mbili ardhini.

Kuna herufi moja anayoikagua kuliko tarakimu zote. Barabara ya Embu kwenda Meru huvuka Ikweta baada ya Nkubu, na mashamba ya hapa yako pande zote mbili. Mbali na Ikweta, anayekosea kaskazini na kusini atajigundua mara moja, kwa kuwa ramani itamtupa katika bara jingine au baharini. Hapa kosa hujificha. Mahali palipo nusu kilomita kutoka Ikweta pakiandikiwa herufi isiyo yake, mgeni atapelekwa kilomita nzima kando, kwenye shamba jingine la kahawa lenye kuta zinazofanana, naye atatafuta mpaka usiku akiamini yuko sawa.

Ramani za zamani zina mtego mwingine. Zile za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 alizofundishia kwa miaka mingi zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS hutumia WGS84. Misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 katika eneo hili. Ikweta ya karatasi na Ikweta ya setilaiti, kwa hiyo, hazipiti mahali pamoja. Ramani huitumia kusoma migongo na mito, jambo ambalo bado inalifanya vizuri kuliko simu, lakini namba zake haziingizi kwenye kifaa bila kuzibadilisha.

Kuficha kwenyewe kulikuja siku nyingine, nako kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Hakuchimba, kwa sababu kanuni za mchezo hukataza kuchimba bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na hakuchomoa jiwe hata moja la ukuta, kwa sababu ya baba wa Mzee. Alileta mawe mawili kutoka ukingoni mwa kijito. La kwanza, bapa, aliliweka ndani ya tundu kuwa sakafu, likiinamia nje kidogo, ili tone litakalopotea njia litoke lenyewe. Kikasha kikakaa juu yake, dirisha likitazama nje. La pili lilikuwa mlango. Aliligeuza, akaliegemeza, akalitoa. Akaligeuza tena. Lilipaswa kusimama kwa uzito wake bila kusukuma jirani zake, na lilikuwa na kuvu upande mmoja tu. Jiwe lenye kuvu likigeuziwa ndani humwambia kila mpita njia kwamba limeguswa. Aliendelea mpaka likakaa, kijani nje, akaondoa mkono taratibu, akarudi nyuma hadi njiani, akainama kama mtoto wa shule, kisha akasimama wima kama mtu mzima, akitazama kutoka kila kimo.

Hata hivyo aliacha tofauti moja, kwa kusudi. Mawe ya ukuta yana kona kali. Lile la mtoni ni la mviringo. Mfichaji mwema hamnyimi mtafutaji haki yake. Dokezo alilolitunga lilikuwa sentensi moja: "Tafuta lililolelewa mtoni." Katika tangazo, dokezo huonyeshwa kwa herufi zilizobadilishwa, A ikiandikwa N na B ikiandikwa O, ili asiyetaka kusaidiwa asilisome kwa bahati mbaya.

Halafu akamleta mjukuu wake, aliyekuwa likizoni, akampa namba tu. Mvua ilikuwa imerudi. Kijana alikwenda mbio akifuata mshale wa simu, akafika ukutani, mshale ukaanza kuzunguka ovyo kama ilivyo kawaida mita tano za mwisho. Alifuta kioo kwa shati, shati nalo limelowa. "Nyanya, hapa hakuna kitu." Mwalimu hakujibu. Alisimama chini ya mwavuli akitazama miguu ya kijana, si mikono yake: anasimama wapi, anakanyaga nini, anaelekea kupanda ukuta au la. Hakupanda. Baada ya muda alitia simu mfukoni, akaanza kutazama mawe yenyewe, moja moja. Alipoliona lile la mviringo alicheka kabla hajaligusa. Jambo alilotaka bibi yake kulijua lilikuwa limejulikana: mtu anaweza kukipata kikasha hiki, siku ya mvua, bila kuacha alama nyingine zaidi ya nyayo zake njiani.

Tangazo halitoki papo hapo. Mkaguzi wa kujitolea hulisoma kwanza, akahakikisha kwamba hakuna kikasha kingine ndani ya mita 161 na kwamba mwenye ardhi ameridhia. Baada ya hapo kazi haishi. Kila msimu wa mvua ukiisha, Mwalimu hurudi, akafungua, akabadilisha punje za unyevu, akachonga penseli, akasoma majina mapya na kumpelekea Mzee habari za waliopita. Kijitabu kikijaa hushona kingine, na kilichojaa hukitunza nyumbani kabatini.

Ukibahatika kufuata namba zake siku moja, msalimu mwenye shamba kwanza. Kausha mikono yako kabla ya kufungua. Andika kwa penseli, funga vibanio vyote vinne, na ulirudishe jiwe kama ulivyolikuta, kuvu nje.